Mzee Mselem na Madaftari ya Mkalimani

Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, baada ya sala, Mzee Mselem Khatibu atavua aproni yake ya buluu katika karakana ya uhandisi, kampasi ya Doornfontein, na hataivaa tena. Siku hiyo atakuwa amekitumikia chuo hiki miaka ishirini na tisa na karibu miezi minne. Aliajiriwa tarehe 1 Agosti 1996 akiwa fundi msaidizi, na anaondoka akiwa fundi mkuu, cheo alichokishika kwa miaka kumi na saba.

Kamati ya Umoja wetu, sisi wafanyakazi wa chuo tunaozungumza Kiswahili, ilinipa kazi ya kuandika wasifu huu kwa ajili ya ratiba ya sherehe. Mimi ni Kagendo, nafundisha historia ya teknolojia, jengo la pili kutoka karakana. Kamati ilinichagua kwa sababu inajulikana kwamba nilifanya kazi na Mzee Mselem kwa karibu. Kazi yenyewe ilikuwa nini, hilo halikujulikana, na ni kosa langu kwamba halikujulikana.

Mzee Mselem alizaliwa Kikwajuni, Unguja, mwaka 1960. Alipofikisha miaka ishirini alipelekwa Moscow kusomea zana za viwandani, yaani vile vyuma vigumu vinavyokata, kubonyeza na kuunda vyuma vingine. Alikaa huko miaka mitano. Husimulia kwamba majira ya baridi ya kwanza alivaa kila nguo aliyokuwa nayo, kanzu yake ya Idi ikiwa ndani ya koti, mpaka mwalimu akamwomba apunguze kwa kuwa mikono yake ilikuwa haikunjiki tena kufikia mashine. Kirusi alikijua kabla baridi haijaisha. Anasema alijifunza kwa njaa, kwa sababu kwenye kantini aliyekosea jina la chakula alipewa supu ya kabichi.

Aliporudi alifundisha ufundi Dar es Salaam, akamwoa Bi Tabia wa Tanga, na mwaka 1995 wakahamia hapa Johannesburg. Alianza katika karakana ndogo humu humu Doornfontein. Siku moja alitumwa kuleta gia chuoni kwetu, wakati huo bado tukiitwa taasisi ya ufundi. Akamkuta mhadhiri anahangaika na mashine ya kukereza iliyokuwa ikitoa vyuma vyembamba upande mmoja na vinene upande wa pili. Mhadhiri alikuwa ameshabadilisha kisu mara tatu. Mzee aliomba ruhusa, akalegeza bolti mbili za kichwa cha nyuma cha mashine, akakisukuma kidogo kwa kiganja, akakaza, akachukua karatasi yake ya kupokelea mzigo na kwenda zake. Baada ya wiki mbili walimtafuta mpaka wakampata.

Katika karakana yake kusema "iko sawa" ni marufuku. Mwanafunzi akidai kipande chake kiko sawa, Mzee humuuliza, "Sawa ngapi?" akimaanisha milimita ngapi. Vijana wa Soweto wanaomwita Mkhulu, yaani babu, walijaribu kumkwepa kwa kusema "Sharp, Mkhulu," yaani mambo safi, naye akawauliza, "Sharp ngapi?" Leo maneno hayo yamechapwa kwenye fulana za wahitimu.

Mwaka ule umeme ulipokuwa ukikatika kila siku, mashine zilikuwa zikinyamaza katikati ya kazi. Walimu wengine waliwaruhusu wanafunzi waende nyumbani. Mzee Mselem aligawa tupa na vipande vya chuma, kila mmoja asugue kwa mkono mpaka apate mchemraba wenye pande sita zilizonyooka. Walilalamika sana. Évariste, mtunza stoo wetu kutoka Lubumbashi, aliuchukua mmoja akaufanya kizuizi cha mlango, na wahandisi wawili ninaowajua wameweka ya kwao mezani maofisini mwao Marshalltown. Mwaka 2020, chuo kilipofungwa, aliomba kibali cha kuingia peke yake akatengeneza vishikio vya kufungulia milango kwa kiwiko. Bado tunavitumia. Na katika miaka yote hiyo hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyepoteza kidole katika karakana yake. Wanaozijua karakana wanaelewa uzito wa hilo.

Rasimu yangu ya kwanza iliishia hapo, ikafuatiwa na shukrani. Ilikuwa ya kweli neno kwa neno, na nilipoisoma tena niliona aibu kuliko ambavyo ningeona kama ingekuwa ya uongo.

Nilikuja Johannesburg kutoka Meru kupitia Nairobi mwaka 2011 kusoma udaktari. Nilichagua kuandika juu ya wataalamu wa kigeni katika viwanda vya kwanza vya magari vya Urusi ya Kisovieti. Mwaka 1929 serikali ya huko ilitia saini mkataba na kampuni ya Ford ya Marekani, na kando ya mto Oka, katika mji wa Nizhny Novgorod, kikajengwa kiwanda kikubwa ambacho mwanzoni mwa 1932 kilianza kutoa magari. Wahandisi na mafundi wa Kimarekani walikwenda kuwafundisha wenyeji, wengi wao watu waliotoka mashambani juzi. Niliyasoma yaliyoandikwa na Wamarekani wale: barua zao, ripoti zao, manung'uniko yao juu ya barafu na viroboto. Upande wa wenyeji sikuwa na kitu, maana Kirusi sikijui. Msimamizi wangu aliniambia waziwazi kwamba thesis yangu ilikuwa inasikia kwa sikio moja.

Ni Évariste aliyenielekeza. Nilikuwa stoo nasaini karatasi, nikimlalamikia kama mtu anavyomlalamikia kinyozi.

"Mama Docteur, muulize ule mzee wa atelier, wa karakana," akasema; aliniita hivyo hata kabla sijahitimu. "Anajua Kirusi, na anakijua kabisa kabisa."

Nilimkuta Mzee Mselem anapaka mashine mafuta. Nilimwamkia, akaitikia, nikamweleza shida yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kupaka mafuta. Kisha akaniuliza kiwanda gani, nikamtajia. Akaweka chini kopo la mafuta.

"Njoo Jumatano saa ya chakula," akasema. "Nina kitu nataka ukione."

Jumatano alikuja na mfuko wa plastiki wa dukani. Ndani yake mlikuwa na madaftari manne yenye majalada ya kijivu, yameandikwa kwa penseli, kurasa zimebana kama nywele zilizosukwa. Akanieleza yalikotoka.

Katika chuo alichosoma Moscow, pale mlangoni ambapo watu huvua makoti, alikuwako bibi mmoja aliyeitwa Pelageya. Mselem alikuwa akimbebea mizigo kupanda ngazi wakati wa barafu, na bibi akimkaribisha chai na mkate. Mume wa bibi huyo alikuwa mkalimani katika kiwanda kile cha Nizhny Novgorod tangu 1930. Jina lake ni Zosim Lukich Arefyev. Kila jioni aliandika yale Wamarekani waliyosema, yale aliyowaambia wenyeji, na tofauti iliyokuwa kati ya mawili hayo. Mwaka 1938 walikuja kumchukua kwa kosa la kukaa sana na wageni, na hakurudi. Picha ya kiwandani aliyopigwa pamoja na wenzake ilikatwa kwa mkasi pale aliposimama. Bibi Pelageya aliyashonea madaftari ndani ya mto wa kulalia, akayalalia kwa miaka arobaini na saba. Mwaka 1985, kijana wa Unguja alipokuja kuaga, aliupasua ule mto mbele yake.

"Aliniambia, wewe unatoka mbali, na huko mbali hawatamtafuta," Mzee alisema. "Akaniambia yakija kuchapwa, jina la Zosim liwe mbele. Nikamwahidi. Mimi si mwandishi, nimeyaweka tu. Sasa wewe ni mwandishi."

"Na jina lako je?" nikamuuliza.

"Langu ukipenda. La marehemu lazima."

Nikamwahidi, na niliahidi kwa moyo mweupe. Nataka hilo lieleweke, si kwa sababu linanipunguzia kosa bali kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Kwa Jumatano za miezi kumi na minne tulikaa kwenye benchi la karakana. Yeye alisoma Kirusi kimoyomoyo, akanena kwa Kiswahili, nami nikaandika kwa Kiingereza. Alikuwa akinisahihisha Kiswahili changu cha Kenya kwa upole, na siku nyingine bila upole. Pale penye maneno ya ufundi, ambayo kamusi yoyote ingeshindwa, aliinuka akanionyesha kwenye mashine.

Nakumbuka ukurasa mmoja katika daftari la pili. Madigadi, yale mabati yanayofunika magurudumu, yalikuwa yakitoka na ufa kila yalipobonyezwa. Michoro ilikuwa imekuja kutoka Marekani kwa inchi na ikageuzwa kuwa milimita, na kila upande ulisema upande wa pili ndio uliokosea. Mhandisi wa Kimarekani alipaza sauti kwamba waliofunga chuma cha kubonyezea ni wapumbavu. Zosim akawatafsiria wenyeji, "Mgeni anaomba tukitazame tena pamoja naye." Mwanamke mmoja wa pale mashineni akasema mgeni anajua michoro lakini hajui bati lao, bati lao ni gumu zaidi, kona ikiwa kali litapasuka tu. Zosim akamtafsiria Mmarekani, "Anauliza kama kona inaweza kuwa mviringo kidogo kwa heshima yako." Mmarekani akakubali. Pembeni mwa ukurasa Zosim aliandika: leo nimedanganya pande zote mbili, na madigadi yametoka bila ufa.

Sikuelewa habari ya kona. Jumatano iliyofuata Mzee Mselem alikuwa ametengeneza vyuma viwili vidogo vya kubonyezea, kimoja chenye kona kali, kingine chenye kona ya mviringo. Alibonyeza kipande cha bati kwenye kila kimoja. Cha kwanza kilipasuka, cha pili kikatoka na umbo zuri la digadi dogo linaloenea kiganjani. Nikaelewa kwa dakika moja kitu ambacho ningekisoma mwaka mzima bila kukielewa.

Thesis ikapita. Mwaka 2017 mchapishaji wa ng'ambo aliitaka iwe kitabu. Mhariri akaniandikia swali moja la kawaida kabisa: tafsiri hizi za Kirusi zimefanywa na nani, na ana sifa gani za kitaaluma?

Nilikaa na barua ile siku nne. Jibu la kweli lilikuwa kwamba zimefanywa na fundi mkuu wa karakana yetu, Mzanzibari, ambaye sifa zake ni miaka mitano ya Moscow na mikono yake. Niliogopa. Niliogopa waseme fundi haaminiki, waombe mtaalamu mwingine apitie upya, kitabu kichelewe, cheo nilichokuwa nikikisubiri apewe mtu mwingine. Niliandika: tafsiri ni za mwandishi. Kwa Kiingereza ni maneno machache kuliko vidole vya mkono mmoja.

Uongo huo ukadai mwenzake. Kama ningemtaja Zosim kwa jina, mtu angeniuliza nimelipataje, na kulifuata jina hilo kungemfikisha mpaka karakana. Kwa hiyo nikamfanya "mkalimani asiyejulikana". Nilimjua, nilijua mpaka mto aliofichwa ndani yake, na nikaandika kwamba hajulikani.

Kitabu kilitoka 2018. Kilipata tuzo. Mhakiki mmoja alisifu sura ya nne, ile ya madigadi, akasema mwandishi ana uelewa wa ufundi ambao ni nadra kwa wanahistoria. Nikapandishwa cheo kuwa profesa mshiriki. Mzee Mselem nilimpelekea nakala? Hapana. Nilimwambia nakala zangu zimekwisha.

Mwaka 2019 alikuja mgeni kutoka Moscow, profesa mwanamke, aliyekisoma kitabu na kutaka kuniona. Mkuu wa kitivo aliandaa chai, akaomba karakana ilete vitu vya kuonyesha. Kwa hiyo Mzee Mselem alikuwa amesimama karibu na mlango, ameshika trei yenye vile vyuma viwili vya kubonyezea na vipande vyake vya bati, mgeni alipoingia, akanishika mikono yote miwili na kuanza kunisemesha Kirusi kwa furaha.

Nilitabasamu. Sikuwa na kingine cha kufanya. Aliuliza kitu, akangoja jibu. Watu wote wakangoja.

Ndipo Mzee Mselem akasema kitu kwa Kirusi kutoka pale mlangoni, taratibu, akiinamisha kichwa kidogo. Mgeni akageuka, akacheka, akamwendea. Walizungumza karibu nusu saa, wakipokezana vile vipande vya bati, na kila mtu mle ndani aliona ni jambo la kupendeza sana, na la bahati, kwamba chuo chetu kina fundi wa namna hiyo. Mkuu wa kitivo alipomuuliza amemwambia nini yule mama, akajibu, "Nimemwambia nimemwomba Daktari aniachie mimi leo, maana sijakisema Kirusi miaka mingi na ninakionea shauku."

Alinisitiri, mimi niliyemficha.

Watu walipoondoka nilimfuata kwenye korido. Hakunipa nafasi ya kuanza.

"Kitabu nimekisoma," akasema. "Kipo maktaba. Uliniahidi jina moja tu, binti yangu."

Akaenda na trei yake. Kuanzia siku ile Mzee Mselem aliitikia kila salamu yangu, aliniazima kila chombo nilichotaka, alinipa pole mama yangu alipofariki na akaja na Bi Tabia kukaa nami. Lakini hakuniita tena binti yangu, na Jumatano saa ya chakula alikula peke yake. Nilipita dirishani mara nyingi nikamwona. Kwa miaka sita nilipita.

Mwezi Septemba mwaka huu kamati iliponipa kazi hii, nilikwenda nyumbani kwao, gorofa ya sita, Joubert Park, kuhakikisha tarehe. Mzee alikuwa msikitini. Bi Tabia alinikaribisha kahawa na kashata, akanipa vyeti vyote nivinakili, akakaa mbele yangu mpaka nilipomaliza.

"Utaandika nini?" akauliza.

Nikamwambia nitaandika utumishi wake, uadilifu wake, jinsi alivyowalea wanafunzi.

"Mume wangu si msemaji," akasema. "Mimi nasema. Yule Mrusi walimfuta watu wake wenyewe, kwa mkasi. Akaja akafutwa mara ya pili na wewe, kwa kalamu nzuri. Na huyu wangu aliporudi na kile kitabu cha maktaba, alikaa pale ulipokaa wewe, akaniambia, Tabia, nimemwangusha yule bibi. Hakusema umemwibia, bali kwamba yeye ndiye aliyemwangusha." Akanimiminia kahawa nyingine. "Kunywa. Mimi sikufukuzi. Nataka ujue tu."

Sikuinywa. Niliteremka ngazi za gorofa sita kwa miguu, lifti ikiwa inafanya kazi, na nikatembea mpaka Doornfontein. Kwenye robot ya kwanza, yaani taa za barabarani, nilisimama zikabadilika mara mbili na sikuvuka.

Niliandika barua kwa mchapishaji, kwa waliotoa tuzo, na kwa mkuu wa kitivo. Kabla sijaituma nilimpelekea Mzee Mselem karakana. Ilikuwa tarehe 2 Oktoba. Alikuwa anafunga mashine kwa turubai. Alifuta mikono, akavaa miwani, akasoma kurasa zote mbili akiwa amesimama.

"Hapa umeandika nilikusaidia," akasema.

"Ndiyo, Mzee."

"Kusaidia ni kumshikia mtu ngazi akipanda. Andika nilichofanya."

Nikatoa kalamu nikafuta pale pale, kwenye benchi. Nikaandika kwamba Mselem Khatibu alitafsiri madaftari manne, kurasa mia tatu na kumi na mbili, akaeleza ufundi wote uliomo, na kwamba sura ya nne ni elimu yake. Akaisoma tena. Akaweka kidole juu ya jina la mkalimani.

"Ongeza la baba yake. Lukich. Warusi jina halikamiliki bila la baba."

Nikaongeza. Kisha nikamwambia, "Mzee, naomba unisamehe."

Alivua miwani akaikunja. Alinitazama, si kwa ukali.

"Nimekusikia," akasema.

Akarudi kwenye turubai lake, nami nikamshikia upande wa pili mpaka tukalifunga.

Barua zilikwenda jioni ile. Tuzo nimeirudisha. Mchapishaji ametoa taarifa, na toleo jipya litakalotoka mwakani litakuwa na jina la Zosim Lukich Arefyev kwenye jalada kama mwandishi wa madaftari, na la Mselem Khatibu kama mfasiri na mfafanuzi. Langu litakuwa chini yao, ambako ndiko mahali pake. Kuhusu cheo changu, baraza la chuo litakaa mwezi Februari, na sitajitetea. Baadhi ya wenzangu hawanisalimii tena, wengine wanasema nimezidisha, kwamba mambo haya hufanyika kila mahali. Mmoja alinishauri nisubiri Mzee aondoke kwanza. Huyo ndiye aliyeniogopesha, kwa sababu kama si ile kahawa ya Bi Tabia huenda ningekuwa na mawazo kama yake.

Mwanamke yule Mrusi aliyezungumza na Mzee miaka sita iliyopita nimemwandikia pia. Amejibu kwamba alitambua tangu siku ile kuwa Kirusi sikijui. Alinyamaza, anasema, kwa sababu mzee alimwomba kwa macho anyamaze.

Bi Nasra, katibu wa kamati yetu, alipoisoma rasimu hii aliniuliza kama maneno kama haya yanafaa kwenye karamu yenye keki. Nikamwambia sijui. Tukakubaliana kwamba mwenye sherehe ndiye aamue, tukampelekea kwa mkono wa Évariste. Ilirudi baada ya siku mbili. Nilikuwa nimemwita "fundi asiye na mfano katika Afrika nzima", hilo alilikata kwa mstari mmoja ulionyooka, na kando yake akaandika, kwa penseli, "Umepima?" Mengine yote aliyaacha kama yalivyo.

"Na amesema kitu," Évariste akaniambia. "Papa Mselem amesema asisome MC. Usome wewe mwenyewe, watu wote wakusikie."

Nilimuuliza alisema kwa hasira au vipi.

"Hapana, Mama Docteur. Alikuwa anakula. Amesema tu, mwambie aliyeandika ndiye asome. Na amesema ukimaliza ukae meza yao, Mama Tabia amekuwekea kiti."

Kwa hiyo mnaponiona nimesimama mbele yenu na karatasi hii, si kamati iliyonichagua. Ni yeye.

Mzee Mselem na Bi Tabia wanasafiri kwenda Unguja tarehe 9 Desemba. Nyumba ya Kikwajuni imepakwa chokaa, na mpwa wake Mselem mdogo amekwisha kumtengea chumba cha uani ambacho tunajua wote kitageuka karakana kabla mwezi haujaisha. Chuo cha ufundi cha huko kimeshamtumia ujumbe. Amewajibu kwamba kwanza anataka kulala mpaka jua litoke, jambo ambalo hajalifanya tangu 1996.

Mzee wetu, kwa kila kijana aliyetoka mikononi mwako akiwa na vidole kumi na akili ya kupima kabla ya kusema, chuo hiki kinakushukuru. Kwa uvumilivu wa Bi Tabia, aliyekuazima kwetu miaka yote hii, tunamshukuru yeye. Mungu awape safari njema, awape afya, awape majirani wazuri na usingizi mtamu. Hayo ni ya wote tuliokusanyika hapa.

Mimi nakuomba radhi, Mzee Mselem, kwa sauti yangu mwenyewe na mbele ya watu. Nimemaliza kusoma.